Panya Mwenye Magurudumu Makubwa

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule ameniita kabla sijamaliza chai. Mama yule hana salamu ndefu. Amesema chumba cha klabu ya roboti kitageuzwa stoo ya viti vibovu, panya wetu wa roboti asiposhika mojawapo ya nafasi tatu za juu kwenye mashindano ya shule Jumamosi. Nimeitikia ndiyo, mama. Nikarudi kwenye chai yangu, imepoa. Chumba kile ni changu! Miaka tisa najifungia humo saa ya mapumziko, nikimkwepa mwalimu wa historia na habari za magoti yake.

Panya mwenyewe ni wa kuunga. Alikuja kwenye boksi, vipande vipande, wanafunzi wakamuunganisha kwa kufuata karatasi. Ana macho mawili ya taa ubavuni. Yanausoma ukuta wa njia ya mbio, naye anaufuata hadi mwisho. Sekunde kumi na nane, kila mara. Kapteni wa klabu, binti wa kidato cha pili asiyeachana na daftari lake la vipimo, ameniambia aliyeshika nafasi ya tatu mwaka jana alitumia sekunde ishirini, kwa hiyo tumwache alivyo. Tumwache!

Jioni shemeji kanipigia simu. Kaka wa mke wangu, mwalimu shule ya jirani. Panya wake anatumia sekunde kumi na nne. Sikumuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimewahi kabla wanafunzi hawajafika. Nimemvua panya gamba lake la plastiki, nikang'oa na kile kichuma kizito cha puani. Awe mwepesi.

Saa nane wamemwasha. Kainuka pua juu, kaanguka chali, magurudumu yanazunguka hewani. Kapteni akauliza kwa adabu kama kuna mtu amemgusa. Nikasema ni hali ya hewa. Akachungulia dirishani, akaandika kitu. Gamba na kichuma vimerudishwa. Mgongo unaniuma kwa kuinama.

Jumatano, 6 Machi

Magurudumu! Gurudumu kubwa hula njia kubwa, hata mtoto anajua. Nimechukua manne ya gari la kuchezea la kitindamimba wangu. Amelia. Mama yake amechukua upande wake, kama kawaida ya nyumba ile.

Baada ya masomo nimeyafunga. Panya kapanda juu, macho yake sasa yanapita juu ya ukuta. Hauoni. Kazunguka palepale hadi betri ikaisha. Nimekaa sakafuni kwa muda mrefu, nimechoka kufikiri, ndipo jawabu likaja. Kama macho yamepanda, ukuta nao upande! Nimekata maboksi, nikagandisha vipande juu ya kuta zote za njia yetu ya mazoezi. Gundi imeniharibia suruali.

Alhamisi, 7 Machi

Sekunde kumi na moja!! Wanafunzi wamepiga makofi, isipokuwa mmoja. Kapteni kauliza kama na kuta za mashindano zitapandishwa. Watoto wa siku hizi, maswali tu. Nimemwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema sawa, mwalimu, kwa sauti ile ya muuguzi anayetafuta mshipa.

Nimempigia shemeji. Nimesema kumi na moja mara tatu, na mara zote amedai mtandao mbovu.

Ijumaa, 8 Machi

Sikufanya lolote. Siku nzuri kuliko zote wiki hii.

Jumamosi, 9 Machi

Kuta za mashindano hazikupandishwa.

Ukumbi umejaa, mkuu wa shule mstari wa mbele, shemeji na tai mpya. Panya wetu kaachiwa, kaanza kuzunguka palepale. Mara ya kwanza watu walidhani ni mbwembwe. Mara ya kumi walicheka. Nilitaka ardhi ipasuke. Shemeji alikuja kunishika bega na kuniambia pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, jambo lililoniuma zaidi.

Kila shule ina majaribio mawili. Kapteni hakuniomba ruhusa. Alipiga magoti na wenzake, wakafunga magurudumu ya zamani ndani ya dakika tano, mimi nimesimama pembeni nimeshika kifuniko cha betri. Sekunde kumi na nane. Nafasi ya tatu.

Nimelia kidogo. Nimesema ni vumbi.

Jumatatu, 11 Machi

Chumba kimebaki cha klabu. Mkuu ametangaza mbele ya shule nzima, kisha akaniita pembeni na kuniomba ufunguo. Atakaa nao Kapteni. Mlezi mpya wa klabu ni mama wa maktaba. Mimi nipumzike, amesema, naonekana nimechoka. Nimechoka kweli, lakini kunitoa chumbani kwangu si kunipumzisha. Saa ya mapumziko nimekaa staff room. Goti la kushoto la mwalimu wa historia limeanza kutoa mlio.

Saa kumi Kapteni kanifuata. Akasema naruhusiwa kuja kuwatazama siku yoyote, mwalimu wao ni mwalimu wao, ila mikono ikae mifukoni. Nimemshukuru. Binti mwenye heshima sana! Nimeingia, nimekaa kwenye kiti changu, nimetia mikono mifukoni kama tulivyokubaliana.

Bisibisi niliyoiazima asubuhi kwa fundi wa shule ilikuwemo.