Kufuli la Kijani

Ronny alikuwa na kipaji cha kusikia shida za watu waliokaa meza tatu mbali naye. Ijumaa moja ya Mei 2017 alikuwa kwenye mkahawa mmoja wa Karama, Dubai, mkono ndani ya biriani, televisheni ya ukutani ilipotangaza kwamba kirusi kimoja kinafunga kompyuta za watu duniani kote na kudai malipo. Wateja waliendelea kula. Agneta peke yake ndiye aliyeweka kijiko chini.

Agneta alisimamia wasafisha vyumba katika hoteli moja. Kwao Kakamega alikuwa amemtumia baba yake laptop, na mzee huyo, mwalimu mstaafu, alibonyeza kila kilichowaka.

"Juzi ameambiwa ameshinda gari," Agneta alimweleza mwenzake. "Akajaza fomu, hadi namba ya kitambulisho. Natafuta antivirus ya kumwekea, lakini zote zinauliza maswali. Na Mzee akiulizwa anajibu ndiyo, kwa heshima."

Ronny alinawa, akahamia meza yao na soda yake.

Huyu Ronny, mzaliwa wa Molo, alikuwa mlinzi wa lango la jengo la ofisi Bur Dubai, kazi inayompa mtu kiti na saa kumi na mbili za kufikiri. Katika miaka minne ya Dubai alikuwa ameuza asali isiyowahi kukutana na nyuki, na nafasi za kazi katika kampuni ambazo zilikuwa na kila kitu isipokuwa ofisi. Kuhusu kompyuta, alijua kuiwasha na, akipewa muda, kuizima.

"Samahani dada, nimesikia bila kutaka," alisema. "Kuna kitu nimetengeneza cha watu kama Mzee wako."

"Kinauliza maswali?"

"Hata moja."

Huo ulikuwa ukweli, na tuuandike kwa haki yake, maana mwingine ulichelewa sana kufika.

Kitu chenyewe alikitengeneza kesho yake, akifuata maelekezo ya video moja ya mtandaoni. Ilikuwa picha ya kufuli la kijani iliyojitokeza kila kompyuta ilipowashwa, ikiwa na maneno: *Uko salama. Endelea na kazi.* Baada ya sekunde tano ilitoweka. Aliiita Kinga Nyumbani, akaiweka kwenye flash, na ndani ya mwezi kila aliyekuwa na mzazi, mke au shangazi mwenye kompyuta alikuwa anamtafuta. Sowedi, mpishi kutoka Jinja, ndiye pekee aliyedadisi.

"Na virusi vikija, bwana?"

"Vikiona kijani vinarudi."

Sowedi alitafakari, akanunua mbili.

Mteja mmoja, Serah, alikuwa mwanamke mtulivu aliyedeki ofisi za ghala moja huko Dubai Investments Park. Mama yake alikuwa na duka la vitabu vya shule Eldoret, na hesabu za duka zima ziliishi ndani ya kompyuta moja nzee. Serah alikuwa na diploma ya kompyuta ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza Dubai, kwa kuwa deki haiihitaji. Kabla ya kumtumia mama alifungua ile flash kwenye laptop yake mwenyewe. Faili lilikuwa moja tu. Ronny hakuwa amejisumbua hata kubadilisha jina lake: *kufuli mpya 2*. Serah alicheka kidogo, akafunga laptop, akaenda kusafisha vyoo vya ghorofa ya pili. Kufikia choo cha mwisho alikuwa ameacha kucheka, kwa sababu aliwaza mama yake akiiamini.

Ijumaa iliyofuata alimfuata Ronny. Ronny alikuwa amejiandaa kwa malalamiko, na hotuba ilikuwa tayari.

"Mama ameipenda," Serah alisema. "Ile kijani inamtuliza."

"Nilikuwa nafikiria watu kama yeye."

"Sasa sikia. Kazini kwetu, sir, yaani bosi, anatafuta kitu rahisi cha familia za wafanyakazi. Watu mia nne. Nikakutaja."

Ronny alimvutia kiti.

"Anataka orodha ya wateja wako na simu za kwao, aulize kama wameridhika," Serah aliendelea. "Na barua uliyosaini kwamba jina la Kinga Nyumbani unawakabidhi. Halafu kuna ada ya ukaguzi. Hiyo unalipa kwanza, wanakurudishia siku ya mkataba."

Mtu aliyewahi kutoza watu ada kama hiyo angepaswa kuitambua kwa harufu. Lakini watu mia nne ni wengi, na Ronny alikuwa tayari anachagua rangi ya gari.

"Huyo sir anajua kompyuta?" aliuliza.

"Hajui kitu."

"Basi ni mtu mzuri."

Alitoa orodha, akasaini, akampa Serah ada. Wiki iliyofuata akalipa ya ukaguzi wa pili. Kisha simu ya Serah ikazimwa. Baada ya siku kumi Ronny alipanda basi hadi lile ghala, akakuta ni la vigae vya bafuni, na sir mwenye familia mia nne ana wafanyakazi tisa.

"Serah? Khalas, kwisha," mlinzi wa pale alimwambia. "Mkataba umeisha, amerudi kwao."

Aliyempa namba mpya ya Serah alikuwa Agneta, na aliitoa kwa furaha.

"Ronny, mna huduma nzuri. Yule msichana wenu amepigia Mzee simu, wamekaa saa nzima. Ametoa ile picha, akawasha kinga iliyokuja na mashine yenyewe, akaweka ijisasishe. Sasa Mzee hawezi kuingiza kitu kipya bila yeye. Juzi ameshinda gari tena, akapiga simu kuuliza. Akaambiwa aiache. Mimi hiyo pesa kidogo ya mwezi nalipa bila neno."

Ronny alikaa na namba hiyo siku tatu. Ya nne, mama yake alipiga kutoka Molo. Kompyuta yake imekuwa nyekundu yote, inadai alipe, na humo ndimo zilimokuwa picha za marehemu baba. Yeye ndiye mtaalamu, afanye kitu.

Mama huyo hakuwahi kuwekewa Kinga Nyumbani. Ronny aliona haya.

Alimpigia Serah, akaanza kwa ukali.

"Umeniibia."

"Nimeiba nini?"

"Jina. Wateja. Na zile ada."

"Ada zimelipa kodi ya ofisi, asante. Uko huru kuwaambia wateja. Waambie uliwauzia picha, mimi nikawawekea kitu kinachofanya kazi."

Nyuma yake simu nyingine ilikuwa inaita.

"Kuna kingine?" Serah aliuliza.

"Ni mama," alisema Ronny, na sauti yake haikuwa ile ya kuuzia asali. Akaeleza yote.

"Nipe namba yake," Serah alisema. " Mwambie asibonyeze kitu, na asilipe mtu."

Zilikuwa dakika arobaini ndefu. Ronny alizimaliza akiwa amesimama langoni, akifungulia magari ambayo hayakuwa yameomba kuingia.

"Picha ziko zote," Serah alisema alipopiga. "Hakukuwa na kirusi. Ni ukurasa mwekundu tu, mtu ameuweka ujitokeze kutisha wazee."

Ronny aliegemea ukuta.

"Kuna watu hawana utu," alisema, na alimaanisha kila neno.

"Wako," Serah akakubali. "Sasa, malipo ya mama ni kama ya wengine, kila mwezi. Nimwandike?"

"Mwandike."