Gari Lisilo na Waya wa Mafuta

Habari iliyotuvurugia asubuhi ya Jumamosi ilitoka kwenye redio ya Taarifa, muuza kahawa wetu. Gari limeingia ndani ya saluni, wateja wakiwa na povu kichwani, na dereva anaapa hakukanyaga mafuta. Gari, anasema, liliamua lenyewe.

"Mnaona!" Kaka Mtu aliruka kwenye benchi, kahawa ikamwagikia suti. "Haya magari ya siku hizi yana akili zao!"

"Lako lina akili gani?" alimcheka Spana, fundi wa karakana ya ng'ambo ya barabara. "Jana limepitwa na mtu anasukuma toroli la saruji. Tena toroli lenyewe lina pancha!"

Tulicheka wote, isipokuwa mwenye gari. Tunamwita Kaka Mtu kwa sababu hana habari nyingine ila dada yake, na siku hiyo ndiyo dada alikuwa anaolewa. Tangu anambeba mgongoni alimwahidi: siku yako nitakupeleka kwa gari langu. Mwezi uliopita akalinunua, la mtumba lakini linang'aa. Tatizo, halitaki kukimbia. Jana kwenye mazoezi ya msafara lilitambaa mpaka wajomba wakatoa hukumu: lisipopona asubuhi hii, bibi harusi atapanda gari la kukodi.

"Spana, ndugu yangu, si uliahidi kulitazama?"

"Nimelitazama. Nimefungua boneti nikatafuta waya wa mafuta niukaze, sikuuona. Gari la zamani unakanyaga, waya unavuta, injini inanguruma. Hili lako wameiba waya!"

"Hawajaiba," nikasema. "Halikuumbwa nao."

"Haya, Digrii ameamka," alisema Mama Cherehani, fundi nguo, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Tueleze, mwanangu, ila kwa Kiswahili cha watu."

"Mama, cherehani yako ya umeme, ile pedali ya chini inazungusha gurudumu?"

"Izungushe wapi! Ina kiwaya tu. Nikigusa kidogo, mota inakwenda pole. Nikikandamiza, inakimbia."

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Pedali ya gari inapeleka ujumbe. Vidude vya kupima, vinaitwa sensa, vinaiambia kompyuta mguu umeshuka kiasi gani, kompyuta inaiamuru mota ndogo ifungue kilango cha hewa. Hewa ikiingia nyingi, mafuta yanaongezwa, gari linakwenda."

"Kwa hiyo mimi siendeshi?" Kaka Mtu alishika kichwa. "Mimi natuma maombi?"

"Na yanajadiliwa!" alidakia Taarifa. "Gari lina kamati!"

"Kamati yenyewe ikilala? Au ujumbe ukipotea njiani, si ndiyo naingia saluni?"

"Ndiyo maana sensa ni mbili, zinachungana," nikamtuliza. "Zikitoa habari tofauti, kompyuta haiziamini, inapunguza nguvu ufike nyumbani taratibu. Na taa ya njano inawaka mbele yako."

"Yangu haijawaka hata siku moja."

Spana alikuna kidevu. Utani ulikuwa umemtoka. "Hebu twende tukalione likitambaa. Hapa tutamwoza dada wa watu kwa maneno."

Tukajazana: Spana mbele, mimi na Mama Cherehani nyuma, kati yetu shada la maua la boneti. Taarifa hakutaka kuacha birika lake, akasema atatembea kando, maana mwendo ni uleule.

Kaka Mtu akakanyaga. Gari likajivuta kama linaloitwa na baba mwenye fimbo.

"Ongeza!" alisema Spana.

"Nimeongeza! Mguu umefika chini!"

Dirishani kuku alitutazama, akatupita. Mama Cherehani akajifunika uso kwa utepe.

"Jamani," Taarifa aliita kutoka nyuma, "mbona taa za breki zinawaka tu? Na hili gurudumu linanuka kama pasi iliyosahauliwa!"

Spana aliinama kutazama miguuni kwa dereva. Akainuka. Akainama tena, kama mtu asiyeamini.

"Wewe! Huo mguu wa kushoto unatafuta nini kwenye breki?"

Kaka Mtu aliutazama mguu wake. "Unalishikilia," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyeniuzia aliniambia halina waya. Nikawaza, kama hakuna waya, nani amelishika? Nimbebe dada yangu kwenye kitu kisichoshikwa na mtu? Basi kwa mguu mmoja nakanyaga mafuta, kwa mwingine nakaa macho."

Hakuna aliyecheka. Hata Spana alijifanya anafuta kioo.

"Kaka," nikamwambia, "hilo ulilokuwa unaliogopa, waliolitengeneza nao waliliogopa. Kompyuta ikiona mafuta na breki vimekanyagwa pamoja, inaisikiliza breki, inafunga hewa. Kila ulipomlinda dada yako, gari lilikutii."

"Kwa hiyo siyo bovu?"

"Lina adabu kukushinda," alisema Mama Cherehani. "Toa mguu, baba."

Akautoa. Akaukunja chini ya kiti kama anaficha kitu cha wizi. Gari likaruka, shada likanipiga usoni, na Taarifa akaachwa anakimbia na birika akipiga kelele. Spana akavuta breki ya mkono kwenye kona, tukamngoja. Akaingia, vikombe na yote.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya dada mtu, tuliisikia sote.

"Kaka, uko wapi?"

"Nakuja! Waambie wajomba gari limepona, wasikodi..."

"Walishakodi. Dereva nimemrudisha tangu alfajiri."

"Umemrudisha? Na kama lisingepona?"

"Tungefika jioni. Wangetungoja. Kwani mimi naolewa ili nipande gari la mtu?"

Kaka Mtu alifuta macho kwa tai. Akakanyaga mafuta kwa moyo wake wote, na duka la Mama Cherehani likapita dirishani, kisha karakana, kisha benchi letu na redio inayojiongelea peke yake.

"We, tushushe!" alipiga kelele Mama Cherehani. "Nitaingia harusini na utepe shingoni?"

"Mimi nina ovaroli ya oili!" alisema Spana.

"Nitawashushaje, jamani?" Kaka Mtu alilia, macho mbele, mikono imekakamaa kwenye usukani. "Si mmesema nisiguse breki?"

"Kwa mguu wa kushoto!" tukaitikia kwa pamoja. "Wa kulia unaruhusiwa!"