Herufi za Nguo za Kuazima

Jumatano, 3 Septemba

Kazi nimeipata mimi! Mjomba Suwela, mkuu wa banjar, jumuiya ya mtaa wetu, anataka bango jipya la ukumbi: juu herufi za Bali, chini za Kilatini, litundikwe kabla ya Jumamosi, sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu. Likipendeza, napewa ngoma kwenye gamelani, bendi yetu ya ngoma na vyombo vya shaba. Likiharibika, nabaki mbeba vyombo vya wenzangu. Shule niliiacha mimi, lakini kompyuta hainiachi.

Nimepata fonti ya bure mtandaoni. Napiga herufi ya Kilatini, inatokea ya Bali, imejipinda kama mkia wa paka. Kwisha kazi. Binamu yangu Rentini kachungulia. Eti kila herufi ya Bali ina namba yake, inayojulikana na kompyuta zote duniani. Eti zangu ni za Kilatini zilizovikwa nguo tu, zikifika mashine nyingine zitabaki uchi. Nikamwambia wivu utamzeesha.

Akajibu, "Nguo ya kuazima haisitiri matako, kaka."

Alhamisi, 4 Septemba

Uchi mtupu! Mashine ya duka la uchapaji haina fonti yangu. Bango limerudi jekundu, maandishi ya dhahabu: bl)bJ(/. Jirani kauliza kama ndiyo nywila ya intaneti ya ukumbi. Mjomba kalitazama, akataka kujua nani alikohoa ndani ya kompyuta.

"Mwisho kesho jioni, Lodra. La sivyo ngoma anapata Darsika."

Darsika! Anayepiga ngoma kama anaua mende.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempigia Rentini magoti, sahani ya lawar ya nyama na mboga mkononi. Kakubali, Mungu ampe maisha marefu. Kaandika upya kwa namba za kweli. Mimi nikatafuta kitufe cha ile herufi inayoning'inia chini ya mwenzake. Hakipo! Unaandika ya kwanza, unaweka alama ya kuiua irabu iliyomo ndani yake, unaandika ya pili, na mashine yenyewe inaining'iniza. Nusura nipige makofi.

Dukani, foleni. Bwana Merta, mwenye mashine, kasema langu halitawahi leo, na kesho ni Saraswati: hakuna kuandika herufi wala kufuta. Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta hamna herufi, mna namba tu. Kwa hiyo kesho hatutaandika, tutahesabu. Kacheka mpaka kaishika mashine asianguke. Kasema heri anichapie leo kuliko mungu wa elimu akutane na mimi kesho, akanipitisha mbele ya foleni. Na waliokuwa mbele yangu hawakununa! Nawashukuru wote.

Jumapili, 7 Septemba

Jana sikuandika. Hata mimi nina adabu.

Bango liko langoni, limewekewa maua. Wazee wamelisoma kwa sauti bila kukwama. Ngoma ni yangu! Darsika mwenyewe kanisaidia kuifunga kamba. Leo alfajiri, tulipokwenda kuoga baharini, kama ilivyo desturi baada ya Saraswati, nimemwombea yeye, Rentini, Bwana Merta na Mjomba. Nimezungukwa na watu wema, jamani.

Nami nitawalipa. Nimebuni herufi mpya ya Bali, yenye jina langu, na banjar ya jirani nimeiahidi kwamba bango lao litakuwa la kwanza kuivaa. Rentini kasema herufi haipewi namba hivi hivi, kuna wakubwa wanaoikalia vikao miaka na miaka. Miaka ya nini? Yangu nimeshaipa namba.

Ya simu yangu, isije ikapotea.