Kibanda Changu Kilivyoingia Kwenye Historia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mambo mabaya. Chuo kinajenga jengo jipya la Ofisi ya Vyama vya Wanafunzi, hapa hapa kando ya geti. Vibanda vya ukutani vitabomolewa, na changu ndicho cha kwanza. Sikula mchana. Nyanchoka, binti yangu, yuko mwaka wa pili hapo ndani, na karo yake inatoka kwa chai na viazi vya kibanda hiki, si kwingine. Pam wa samaki, jirani yangu, anakaanga tu. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema ameona matangazo mengi kwenye huo ukuta, na mvua ya Kisii imeyala yote. Huyu mama hana damu!

Jumanne, 10 Juni
Dawa imepatikana. Nyanchoka anasema chuo kinaandika historia ya ofisi hiyo ya vyama. Eti zamani haikuwa ofisi, ilikuwa stoo ya mipira. Meza moja, na kwaya, wanasoka na watu wa mijadala wanaingia kwa zamu. Halafu paa la stoo likaanguka, wakakaa mwaka mzima bila mahali, na hakuna anayekumbuka walikuwa wakikutana wapi.
Hakuna anayekumbuka! Basi mimi nakumbuka. Kitu cha historia hakibomolewi, hata mimi wa darasa la nne najua.
Shida ni moja. Mwaka huo wa paa nilikuwa kwetu Manga nikilima wimbi. Kibanda chenyewe kina miaka mitatu tu.
Nimewasha majani mabichi ya mgomba ndani na kufunga mlango. Mbao zizeeke.

Jumatano, 11 Juni
Mbao zimekuwa nyeusi vizuri. Mimi pia. Chai inanuka moshi, wateja wote wamehamia kwa Pam. Nyanchoka alipita na wenzake akaniangalia kama hanijui, kisha akarudi peke yake na sabuni. Mtoto mzuri. Amekonda, ama ni macho yangu? Nikampa viazi.

Alhamisi, 12 Juni
Amekuja Bwana Obadiah Anyona, mkuu wa ofisi mwenyewe. Mtu wa Kebirigo, mpole, anakusikiliza kichwa kimeinama. Nikamweleza jinsi wanafunzi walivyokutana kwangu mwaka ule wa paa. Akauliza niliwatoza nini. Nikasema hakuna, mahali nilitoa bure, mimi ni mzazi. Hapo ningenyamaza. Lakini kile kichwa kilivyoinama! Nikaongeza kwamba walinipenda mpaka wakaingia na mimi egesangio, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Walikuja Manga, kwaya na wanasoka, wakanipalilia wimbi shamba lote. Wakiimba. Bwana Anyona akafuta macho.
Pam, ambaye alikuwa getini kabla yetu sote, alisikia kila kitu. Akageuza samaki wake tu. Namshuku sana.

Ijumaa, 13 Juni
Bwana Anyona amerudi na vijana wenye kamba. Akatangaza kwamba kibanda hakitabomolewa. Nikapiga kigelegele mpaka walinzi wakatoka. Ndipo akamalizia. Watakibeba kizima, kikae ndani ya jengo jipya, kizungushiwe kamba, wageni wakitazame. Nikauliza nitapikia wapi. Akasema historia haipikiwi ndani. Nikasema basi sitoi. Akaniinamia kwa heshima.
"Mong'ina, mama yetu, mahali ulitoa bure, umesema mwenyewe. Ila egesangio si ya bure. Walikupalilia shamba lote. Wewe zamu yako uliitoa lini?"
Mgusii gani anapaliliwa halafu anakataa kupalilia? Nikisema walikuja, nina deni. Nikisema hawakuja, mimi ni mwongo na Nyanchoka ni mtoto wa mwongo, mbele ya chuo kizima. Nikatoa jiko langu nje. Kibanda kikapita getini mabegani mwa watu kama bibi harusi. Mimi ndiye niliyeshika mlango usigonge nguzo.

Jumatatu, 16 Juni
Nauzia chai kwa Pam. Alisogeza karai lake bila kuulizwa, akaweka jiko langu pembeni. Nilimshuku kwa nini? Nyanchoka amekula hapa mchana, viazi na samaki, akaomba tena. Nikaenda nyuma nikalia kidogo.
Saa kumi wakaja watu wa chuo kupima kibanda cha Pam kwa utepe. Yeye akawauliza kama wanataka mkia au kichwa. Mimi nikamimina chai nje ya kikombe. Akaniona.
"Mama Nyanchoka, nakujua. Ukimwona yule bwana, mpe chai, ufunge mdomo."
Kufunga mdomo, na amenitendea wema huu? Siwezi. Kesho Bwana Anyona anakuja kunywa chai. Nitamwambia kwaya ilizaliwa kando ya karai hili. Safari hii sitataja shamba hata kidogo. Nitasema walimchotea Pam maji tu.