Kiuno Arobaini na Nne, Alisema Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Machi
Ukumbi wa sanaa unaandaa maonyesho: "Nani Anatutazama?" Mwenye kazi bora atapata mwaka mzima wa kujifunza kwenye karakana yao ya mitambo. Mwaka mzima! Nikikosa, Shangazi ameshaniwekea kiti kwenye duka lake la ushonaji. Nikaribishe wateja kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi, ninayevuka barabara ili nisisalimiane na jirani!
Binamu naye anashiriki. Amenipa pole mapema.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata wazo. Skrini yenye kamera. Ukisimama mbele yake, inakutajia inachokijua juu yako. Watu watashtuka, watatambua kwamba habari zao huchukuliwa bila ruhusa. Jambo hili linaniuma kweli.
Tatizo: mashine yangu haimjui mtu yeyote. Inahitaji sura za watu na habari zao. Sasa, Shangazi ana kamera ya ulinzi dukani, na daftari la vipimo la miaka mitatu. Nimenakili vyote alipokwenda kununua vifungo. Hakuniona. Kamera imeniona, lakini picha zake sasa ninazo mimi.

Jumatano, 6 Machi
Picha nilizopiga za kurasa za daftari nimeziingiza kwenye kompyuta, ikazisoma yenyewe na kuzioanisha na sura kwa tarehe. Mimi sikusoma hata mstari mmoja. Mambo ya wateja ni siri.
Binamu alipita kuchungulia. Kazi yake ni sanduku la chuma linalofunguka kwa sauti yake peke yake. Ameshikwa na mafua tangu jana. Sanduku limemkana. Miwani yake imo ndani.
Nimempa pole. Nimeifurahia sana pole hiyo.

Ijumaa, 8 Machi
Ufunguzi. Nilijibanza nyuma ya pazia. Wa kwanza kusimama mbele ya skrini yangu alikuwa Mama Mkurugenzi wa ukumbi, ambaye ndiye jaji. Bahati iliyoje! Sikujua kwamba anashonesha kwa Shangazi.
Skrini ikaandika, herufi kubwa kama sahani: KIUNO 44. ALISEMA 38. AONGEZEWE MARINDA, ASIAMBIWE.
Mtu akakohoa. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Binamu, bila miwani, akawa anawavuta watu mikono akiuliza imeandikwa nini, jamani, nisomeeni na mimi!
Shangazi alichomoa waya ukutani. Akaniambia, kwa ile sauti yake ndogo ambayo ni mbaya kuliko kubwa, kwamba fundi huandika vipimo, havitamki. Hata mume akija kuuliza kiuno cha mkewe, haambiwi. Miaka ishirini hajamwaibisha mteja, leo nimemmalizia kwa sekunde tano.
Nililia kidogo. Mashine lakini ilifanya kazi vizuri.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi alinishika mkono hadi ofisini kwa Mama Mkurugenzi. Nilitazama viatu vyangu, nikasema samahani mara sita. Mama Mkurugenzi akasema alijiona kama yuko uchi mbele za watu, na kwamba katika maonyesho yote, ni kazi hiyo tu iliyomfanya ahisi kitu. Kisha akamgeukia Shangazi: kumbe yale marinda! Shangazi akajibu: lakini yalikupendeza, dada, sema kweli. Wakacheka hadi wakashikana mabega.
Nafasi ni yangu! Kwa sharti moja. Nipeleke saini za wateja kumi wanaoridhia picha na vipimo vyao vitumike. Niwaeleze mmoja mmoja, kwa mdomo.
Kwa mdomo!

Jumatano, 13 Machi
Wateja kumi wamekuja kuchukua nguo, wote kumi wamesaini. Sikulazimika kusema neno. Ruhusa niliiandika chini kabisa ya karatasi ya kuchukulia nguo, kwa herufi ndogo, nadhifu. Hakuna aliyeisoma. Hata Shangazi amesaini, akidhani ni ya vitambaa.
Naanza karakana Jumatatu. Nina furaha tele. Ila watu wananisikitisha. Yaani wanapewa kalamu, wanasaini tu! Namshukuru Mungu karatasi ile ilikuwa mikononi mwangu. Fikiria ingeangukia kwa mtu asiyejali siri za wenzake.