Mia Nne na Kuendelea

Minyong Bagtas alimwona mteja wake tangu mbali, na kabla mteja hajazima pikipiki, Minyong alikwisha mweka kapuni.

Alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, amevaa gauni la maua la kwendea kanisani, mwavuli kaufunga mgongoni kwa kamba, amekalia kipikipiki cha buluu cha cc 200 kilichokuwa kikitetemeka kuliko yeye. Alikamata breki ya mbele kwa hofu, akateleza nusu mita kwenye kokoto za uwanja wa Minyong, akashusha miguu yote miwili na kumshukuru Bikira Maria kwa sauti.

"Wewe ndiye Minyong wa pikipiki?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana. Wewe ndiye umenifungulia siku."

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, na Minyong alikuwa bado na bakuli lake la goto mkononi. Aliliweka chini haraka, uji wa moto pamoja na utumbo wake mtamu. Katika mji wetu mzima wa Valenzuela, kuanzia muuza samaki hadi muuza simu, mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu. Akiondoka, anaondoka na bahati ya siku nzima, na Minyong, ambaye hakuamini kitu kingine chochote duniani, hilo aliliamini.

"Naitwa Mwalimu Feling," alisema yule mama, akitoa daftari kwenye mkoba. "Nimestaafu mwaka juzi. Nataka pikipiki ya uchi. Ya kati."

Minyong nusura amkumbatie. Pikipiki ya uchi ndiyo ile isiyovaa maplastiki ya kuficha injini, kila kitu kiko nje, mwenye macho na aone. Na ya kati ndiyo inayotafutwa na kila mtu: si kipando cha kubebea kabichi sokoni, wala si jitu la kukuvunja nyonga kwenye foleni.

Hapa tumtendee haki Minyong. Hakuwa mwizi. Mwizi huja na kuondoka bila kusalimia, na Minyong alisalimia kila mtu, tena akauliza hali ya watoto. Kazi yake aliiita ushauri. Alinunua pikipiki za cc 200 zilizochoka, akazivisha tangi pana, tairi nene la nyuma, ekzosi mbili ambazo moja haikuunganishwa na chochote, kisha akabandika stika ya 450. Mnunuzi akiuliza kwa nini kadi ya pikipiki inasema 200, Minyong alimnong'oneza kwamba mjanja mmoja bandarini alipunguza namba ili kukwepa ushuru. Badala ya kushtuka, mnunuzi alitabasamu. Mtu akishaamini kwamba anayeibiwa ni serikali, hulala usingizi mzito.

Pikipiki hizo zilikuwa na kasoro moja tu. Kwetu, ukitaka kuingia barabara kuu ya kulipia lazima uwe na cc 400 na kuendelea, na pale langoni kuna walinzi wenye tabia mbaya ya kusoma kadi. Lakini kutoka uwanjani kwa Minyong hadi langoni ni dakika kumi, na dakika kumi zilimtosha kubadilisha namba ya simu.

Chambo chake kilikuwa Perlita. Perlita ilikuwa nyekundu, ya kati, ya kweli, silinda mbili, cc 650. Aliinunua kwa jasho la miaka sita ya kuendesha forklifti bandarini, kabla hajagundua kipaji chake. Hakuwa na mke, na nyumba alipanga. Aliipenda Perlita waziwazi, aliifuta kwa fulana zake mwenyewe, na hakuna bei iliyoweza kumfanya aiuze. Mteja alionjeshwa Perlita, halafu akauziwa ndugu yake wa uongo aliyesimama pembeni. Siku hiyo ndugu mwenyewe alikuwa mweusi, anang'aa kwa mafuta ya nazi.

"Mwalimu, kuchagua pikipiki ni elimu," alianza Minyong. "Kwanza kiti. Kaa hapa kwa Perlita. Visigino vinafika chini?"

"Vinafika."

"Vyote viwili? Basi umepona. Asiyefika chini ataanguka kwenye taa nyekundu, watu wote wanamwangalia. Pili, uzito. Itikise kushoto, kulia. Pikipiki ya kati unaiinua mwenyewe, huiti jirani."

Mwalimu Feling aliandika. "Na hii injini mbona haijafunikwa? Vumbi haliingii?"

"Mama yangu, hiyo ndiyo raha yake! Haina cha kukuficha."

"Kama wewe," alisema Mwalimu.

"Kama mimi," alikubali Minyong bila kupepesa macho. "Tatu, mlio. Mnunuzi wa kweli hasomi makaratasi, anasikiliza moyo." Aliiwasha Perlita. Ikanguruma taratibu, na Minyong akafumba macho kidogo. Hapo hakuwa akiigiza.

"Na kwenye barabara ya kulipia? Nina safari ya San Fernando."

"Unapita kama gavana. Hii nyekundu na ile nyeusi ni tumbo moja. Nyekundu siiuzi, ni roho yangu. Nyeusi ndiyo yako. Ila leo betri yake iko kwenye chaji, kwa hiyo utaonja hii."

"Na karatasi zake zikoje? Mimi karatasi huwa zinanichanganya."

Hili swali Minyong alilipenda, kwa sababu lilimpa nafasi ya kufundisha, na kumfundisha mwalimu ni sifa ya pekee. Alizungusha ufunguo, akainua kiti cha Perlita, akatoa bahasha ya plastiki.

"Angalia, za nyeusi ni hivi hivi. Hii kadi, hii hati ya mauzo. Aliyeiuza alikuwa fundi wa meli, sasa anaishi Norwei. Aliweka sahihi yake hapa. Na hapa penye jina la mnunuzi?"

"Hapana kitu."

"Ndiyo maana tunaiita hati wazi. Ukijaza jina, mara ada, mara foleni, mara picha. Ukiacha wazi, ukichoka nayo unamuuzia mwingine, na jina lako halijawahi kutajwa popote."

"Wewe mwenyewe hujajaza mpaka leo?"

"Mimi jina langu nalitunza."

"Kwa hiyo atakayeandika jina lake hapa..."

"Ndiye mwenyewe."

"Yeyote?"

"Yeyote, Mwalimu!" Minyong alirudisha bahasha mahali pake na kubonyeza kiti mpaka kikalia, ameridhika sana na mwanafunzi wake.

Mwalimu Feling alifunga daftari. Akatoa bahasha ya kaki, nene, imegundishwa vizuri. "Hii ni amana yangu. Usiifungue mpaka nirudi, maana tukifungua kabla ya kupatana tutajitia mkosi. Pikipiki yangu ya buluu pia naiacha hapa na ufunguo wake. Naomba nizunguke mara moja tu, hadi duka la dawa na kurudi."

"Nitakupakia, mama. Ukae nyuma, ujionee."

"Nikae nyuma? Kwani nanunua kiti cha nyuma?" Alishuka, akaanza kufunga mwavuli wake upya. "Basi, mwanangu, si neno. Kuna mwingine kule Malinta, nitamwona huyo."

Minyong aliona bahati ya Jumamosi nzima ikitafuta mlango wa kutokea. Akakitazama kile kipikipiki cha buluu: imara, injini haivuji mafuta. Ukikivisha tangi pana na stika, ni 450 nyingine hiyo. Akaipima bahasha mkononi. Bibi wa kanisani aliyeteleza kwenye kokoto angeweza kufika wapi?

"Hadi duka la dawa tu," alisema, akampa ufunguo. "Na gia ya kwanza, mama, ya kwanza tu. Tafadhali. Huyu ni mwanangu."

"Nitamtunza," alisema Mwalimu Feling, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kumwonea huruma.

Aliondoka akiyumba. Aliyumba mbele ya muuza taho na ndoo zake za soya laini, akayumba kwenye tuta, na Minyong akajishika kifua. Alipofika kwenye kona ya duka la dawa akanyooka mgongo. Gia ya pili iliingia laini, ya tatu ikaingia laini zaidi, Perlita ikalala upande kwa adabu zote na kupotea. Minyong alibaki ameutegea sikio mlio ukienda, unaenda, haurudi.

Alingoja dakika tano. Alijiambia kwamba mama kasimama kununua dawa ya presha. Dakika ya sita alirarua bahasha, mkosi au si mkosi.

Ndani hamkuwa na hata peso moja. Mlikuwa na kadi ya kile cha buluu na hati ya mauzo, na hati yenyewe aliifahamu, kwa sababu aliiandika yeye. Sahihi ilikuwa ya "Ruperto Dimalanta", mtu ambaye Minyong alimtunga siku moja akiwa anakula, na jina la mnunuzi lilikuwa wazi. Namba 450 ilizungushiwa wino mwekundu. Maneno matatu yalikuwa yamesahihishwa tahajia. Pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, palikuwa na barua:

"Bwana Minyong. Tumebadilishana, pikipiki kwa pikipiki, hati wazi kwa hati wazi. Hii ya buluu unaijua. Kabla sijaivua tangi lako na kuipaka rangi, ilikuwa nyekundu, mwezi wa tatu ulipomuuzia Amador, mwanangu wa ubatizo. Siku ya kwenda kuposa San Fernando walimzuia langoni. Tulimngoja ukweni saa tano nzima, nguruwe wa kuokwa akapoa na ngozi ikalegea, na baba wa binti akasema mwanamume asiyefika siku ya posa hatafika siku ya harusi. Nimelia kwa huyo mzee wiki tatu. Ametupa nafasi ya pili, leo saa sita mchana. Usisumbuke kunitafuta, ukisoma haya nitakuwa nishajaza jina. Somo la hati umelifundisha vizuri, kwa Amador kwanza, kisha kwangu. Alama 95. Tano nimezikata kwa tahajia."

Minyong alikwangua fremu ya buluu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na rangi nyekundu, ile ile aliyoipaka mwenyewe.

Alifikiria polisi, akaziona hatua zote. Pikipiki ni ya nani? Yangu. Jina lako liko wapi? Halipo. Anayesema ni yake ana nini? Kadi, hati, ufunguo na jina. Na wewe una nini? Nina hati ya Ruperto Dimalanta. Huyo ni nani? Akaacha kufikiria polisi. Machozi yalimjaa, na hatutamcheka kwa hilo, kwa sababu miaka sita ya forklifti ilikuwa miaka sita ya kweli.

Halafu hasira zikampanda. Akarukia kipikipiki cha buluu na kukipiga moto kuelekea langoni. Alikata foleni, akapita kwenye soko la nguo, akamtia mama mmoja wa mboga kiwewe. Kila alipoongeza mafuta, injini ya cc 200 ilipiga kelele nyingi na kwenda pole pole, na Minyong akaitukana kwa ufundi duni, akasahau ni ufundi wa nani.

Akawaona! Ng'ambo ya lango, kwenye mpando wa kuingilia barabara, Perlita ilikuwa inapanda ikimeta. Mwalimu Feling alikuwa mbele, gauni la maua limefungwa mafundo magotini. Nyuma yake alikaa Amador, shati lake la barong likipepea, mkono mmoja ameshika sanduku la keki.

"Perlita!" alipiga kelele Minyong.

Mkono wa mlinzi ulishuka mbele yake.

"Kadi, kaka."

"Bosi, niache nipite, nawahi! Wale pale wamechukua pikipiki yangu!"

"Yule Mwalimu? Kanionyesha kadi na hati, jina lake, wino bado mbichi. Wanakwenda kuposa. Kaniachia na kipande cha keki." Mlinzi aliinama kusoma kadi ya buluu. "Hii ni mia mbili, kaka. Huku ni mia nne na kuendelea."

"Imeandikwa mia mbili tu," alisema Minyong, na ulimi wake, uliozoea njia, ulikwenda wenyewe. "Ukweli ni 450. Kuna mjanja bandarini alipunguza namba, si unajua tena mambo ya ushuru. Sikiliza mlio, bosi. Usisome makaratasi, sikiliza moyo."

Mlinzi alisikiliza mlio. Alimsikiliza na Minyong pia, mpaka mwisho, halafu akamwekea mkono begani, na mkono wenyewe ulikuwa na upole mwingi.

"Pole sana, kaka. Wewe ni wa tatu mwaka huu kuniletea hiyo hadithi ya bandarini. Wa pili alikuwa kijana wa watu, kavaa barong, alilia hapo hapo uliposimama." Akamsaidia kugeuza pikipiki. "Mnaingizwa mjini na mtu mmoja tu. Hebu niambie, nani kakuuzia hii?"

Minyong aliitazama hati aliyoitoa pamoja na kadi, na ule mwandiko wake mzuri. Magari yalikuwa yakipiga honi nyuma yake, na kule juu ule mlio wa silinda mbili ulikuwa hausikiki tena.

"Simjui," alisema, akaanza kusukuma.