Python Tatu, Kompyuta Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimehesabu. Kompyuta yangu ina matoleo matatu ya Python, lugha ya kuandikia programu: 3.6, 3.8 na 3.12. Lugha moja mara tatu, na diski imebakiwa na asilimia nne. Programu yangu ya kupanga zamu inatumia 3.6. Ile ya kuchora grafu, 3.12. Hiyo 3.8 inakaa bure. Dada, muuguzi mkuu wa wodi za watoto, anataka ratiba ya wauguzi 42 Ijumaa saa sita mchana. Muda upo wa kusafisha.

Mumewe, fundi kompyuta mwenye cheti kwenye fremu, kaniambia 3.8 nisiiguse. Hakueleza, alikuwa anakula. Mimi nimejifundisha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Sitishwi na mtu aliyejaza mdomo.

Jumanne
Nimefuta 3.8. Kompyuta iliuliza kama nina hakika, maana vitu 214 vingeondoka nayo. Nikaona faida tupu. Ndiyo.

Jumatano
Skrini nyeusi. Kumbe 3.8 inatumiwa na kompyuta yenyewe. Si angesema, huyu shemeji.

Alhamisi
Nimepanga zamu kwa mkono, nikatuma picha. Dada kapiga simu: mdogo wangu, muuguzi mmoja umempa wodi mbili saa ileile, na mwingine kastaafu tangu Desemba. Ratiba ikikosekana kesho, Jumamosi watoto hawana mtu, na nepi nitabadilisha mimi. Nimemwita shemeji.

Ijumaa
Kafika saa mbili asubuhi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kairudisha 3.8, kisha kila programu kaipa folda yake na toleo lake. Anasema ni kama wapangaji: kila mtu chumba chake, na cha mwenye nyumba hakiguswi. Ratiba imetoka saa tano na dakika arobaini. Dakika ishirini za akiba! Dada katushukuru "nyote wawili". Nimeusoma ujumbe mara tatu. Mungu amzidishie shemeji, kaniokoa na nepi.

Amekwenda kumchukua dada kazini, kaacha kompyuta yake mezani. Nimeichungulia. Python tano. Maskini, kutwa anahangaika na za watu, ya kwake haina wa kuisafisha. Ile 3.10 haina programu hata moja. Kompyuta imeuliza kama nina hakika: vitu 231. Kwa mtu mwema kama yule, sikusita.